Jinsi Mlima Ulivyopoteza Habari Moja

Ugomvi wa Wameru ulikuwa na mahali pa kupelekwa. Ukiishinda familia ulikwenda kwa wazee wa ukoo. Ukiwashinda hao ulipanda hadi kwa Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee, na shauri likiwa la Wameru wote, wazee walikutana Nchiru, kule Tigania, ambako makao ya baraza hilo yapo hadi leo. Embu nako kiama, yaani baraza la wazee, kilifanya kazi hiyo hiyo. Kila neno lilisemwa hadharani, na msemaji alijulikana ni mwana wa nani na anatoka kijiji gani. Hukuweza kuwaambia watu wa Imenti hili na watu wa Igembe lile, kwa sababu wote walikuwa wameketi mahali pamoja wakikutazama usoni.

Sisemi kwamba enzi hizo watu walikubaliana. Aprili 1956, wakati wa Hali ya Hatari, Njuri Ncheke pamoja na Baraza la Waafrika la Wilaya ya Meru walipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa kwa kukaidi amri hiyo, na miongoni mwao walikuwa wasichana waliokwenda vichakani na nyembe wakakeketana wenyewe kwa wenyewe. Ulikuwa uasi wa wazi dhidi ya wazee, na uchungu wake ulibaki katika nyumba nyingi. Lakini aliyekaidi na aliyetii walijua amri ni ipi, imetolewa na nani na lini. Waligombana vikali juu ya jambo moja. Hilo jambo moja ndilo ninalolifuatilia hapa, kwa sababu katika miaka kumi na mitano iliyopita limetuponyoka, na naamini kuponyoka kwake kumeidhuru Meru na Embu kuliko kiongozi yeyote mbaya tuliyewahi kumchagua.

Baada ya uhuru, habari ililetwa na redio. Sauti ya Kenya, iliyoitwa KBC kuanzia 1989, ilikuwa na vipindi vya Kimeru na Kiembu, na taarifa ya habari ya Kiswahili ilisikika dukani, hotelini na ndani ya matatu kwa saa ile ile. Nakala moja ya Taifa Leo ilipita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufungiwa nyama. Redio ilikuwa ya serikali na ilificha mengi: watu waliowekwa kizuizini bila kesi, wizi wa kura za mlolongo za 1988. Wasikilizaji walijua inaficha. Waliizima wakaambiana yaliyoachwa, na hata katika minong'ono hiyo walikuwa wakiziba pengo la taarifa ile ile waliyoisikia wote.

Nyufa zilikuwepo tangu hapo. Mwaka 1971 wanasiasa na matajiri walianzisha GEMA, chama cha kuwaunganisha Wakikuyu, Waembu na Wameru, na ingawa serikali ya Moi ilivipiga marufuku vyama vya kikabila mwaka 1980, wazo la Mlima mmoja, yaani eneo zima la Mlima Kenya, halikufa. Serikalini, hata hivyo, Meru na Embu hazikuwa Mkoa wa Kati. Zilikuwa Mkoa wa Mashariki, pamoja na Ukambani, Isiolo na Marsabit, makao makuu yakiwa Embu mjini. Wengi wa upande huu walikua wakisikia wakubwa wao wakilalamika kwamba umoja wa Mlima ni kura za kutolewa huku na vyeo vya kuliwa kule. Tharaka na Nithi zilijitenga na Meru kuwa wilaya yao katika miaka ya 1990, na Mbeere ikajitenga na Embu. Ndani ya Meru yenyewe kulikuwa na hesabu ya Imenti dhidi ya Nyambene kila uchaguzi. Hakuna mashine iliyobuni haya. Nalisema mapema kwa sababu wapo wanaoilaumu simu kwa kila kitu, na lawama ya namna hiyo huwaacha wanasiasa wakiondoka na mikono safi.

Mwaka 2000 Kameme FM ilianza kutangaza kwa Kikuyu, ikiwa redio ya kwanza ya kibinafsi ya lugha ya mama nchini. Zilifuata nyingi: Muuga kwa Kimeru, Wimwaro kwa Kiembu, Weru. Hapo ndipo masikio yalipoanza kuachana, na baada ya mauaji ya uchaguzi ya 2007 na 2008 Tume ya Waki, iliyoyachunguza, ilizitaja redio za lugha za mama miongoni mwa zilizochochea. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa hadi The Hague, ambako kesi yake ilikatizwa mwaka 2016. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 ikazaa tume ya NCIC ya kufuatilia matamshi ya chuki. Redio ilikuwa na leseni, mwenyewe, studio yenye mlango, na mtangazaji ambaye sauti yake inajulikana. Ukitaka kumshtaki, ulijua pa kubisha hodi.

Kisha zikaja nyaya. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilitia nanga Mombasa, na mwaka huo huo Facebook ikapatikana kwa Kiswahili. Mwishoni mwa 2014 Airtel na Facebook walileta huduma ya kurasa chache za bure, na wengi wa vijijini walionja mtandao kwa mara ya kwanza wakidhani Facebook ndiyo intaneti. Ilikuwa furaha ya kweli. Mama wa Kianjai aliona picha za mahafali ya mwanawe aliyeko Eldoret siku ile ile. Michango ya mazishi na ya karo ilipata mahali pa kutangazwa. Ulichokiona ni kile ambacho ndugu, majirani na wanafunzi wenzako waliweka.

Januari 2018 Facebook ilitangaza kubadilisha mpangilio wa kurasa zake ili kuipa kipaumbele mijadala baina ya watu. Nia iliyotajwa ilikuwa njema. Kazi yenyewe ilifanywa na algoriti, yaani hesabu ambayo kompyuta hupiga kwa kila mtu peke yake kukisia ni kitu gani kitamfanya abonyeze, ajibu na abaki. Nyaraka ambazo mfanyakazi wa zamani wa kampuni hiyo, Frances Haugen, alizitoa mwaka 2021 zilionyesha namna alama zilivyokuwa zikigawanywa. Kuanzia 2017, uso wa hasira ulihesabiwa mara tano ya ile alama ya kawaida ya kupenda. Watafiti wa ndani ya kampuni waliona kwamba machapisho yanayovuta hasira ndiyo yanayobeba uongo mwingi zaidi, na uzito huo ukapunguzwa kidogo kidogo hadi ukafutwa Septemba 2020. Mwanzoni, basi, aliyekukasirisha alikuwa na bei ya alama tano za kupenda, na hakuna mzee wala chifu wala mhariri aliyeulizwa.

Nyaraka hizo hizo zilionyesha kwamba asilimia 87 ya muda uliotengwa kutambua taarifa potofu ulikuwa wa Marekani, ingawa watumiaji wa Amerika Kaskazini yote walikuwa asilimia 10 tu ya walioingia kila siku. Kampuni ilijibu kwamba hesabu hiyo haikuingiza mashirika ya nje inayoshirikiana nayo. Hata ukiikubali kauli hiyo, jiulize ni kiasi gani kilichobaki kwa ajili ya mtu anayetukana kwa Kimeru cha Igembe, kwa mafumbo ambayo hata Mmeru wa Mwimbi hayang'amui yote.

Mtihani ulifanywa mwaka 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti. Shirika la Global Witness na wenzao wa Foxglove waliandika matangazo ya kulipia yenye chuki ya kikabila na wito wa mauaji, kwa Kiswahili na Kiingereza, wakayapeleka Facebook waone kama yatapita, wakiwa tayari kuyaondoa kabla hayajaonekana. Ya Kiswahili yalikubaliwa yote. Ya Kiingereza yalirudishwa kwanza kwa kosa la sarufi na lugha chafu; yalipofanyiwa masahihisho madogo, nayo yalikubaliwa. Tarehe 29 Julai NCIC ikaipa Facebook siku saba ijirekebishe la sivyo ifungiwe. Mawaziri wakasema mtandao hautafungwa, na uchaguzi ukafika.

Katika uchaguzi huo Meru ilimchagua Kawira Mwangaza kuwa gavana, mgombea huru aliyewabwaga Kiraitu Murungi, gavana aliyekuwa kitini, na Mithika Linturi wa chama cha UDA. Ushindi wake ulitoka kwa watu wa chini. Alikuwa mhubiri, alikuwa Mwakilishi wa Wanawake tangu 2017, na alijulikana kupitia televisheni ya Baite inayohusishwa na familia yake na mpango wa Okolea, uliowapelekea maskini ng'ombe, vitanda na nyumba mbele ya kamera. Mjane akikabidhiwa ng'ombe, Meru nzima iliona. Hapa alikuwepo kiongozi aliyejua nguvu ya picha kabla ya wapinzani wake kuijua.

Miezi mitano haikupita. Desemba 2022 wawakilishi wa wadi, karibu wote, walipiga kura ya kumwondoa. Kamati ya Seneti ikasema mashtaka hayakuthibitishwa. Oktoba 2023 walimwondoa tena; Novemba Seneti nzima ikamsafisha tena. Agosti 2024 wawakilishi 49 walimwondoa mara ya tatu, na usiku wa kuamkia tarehe 21 Seneti ikakubali makosa matatu. Siku hiyo hiyo mahakama ikasitisha. Akaendelea kuwa ofisini hadi Machi 2025, Mahakama Kuu ilipotupilia mbali kesi yake na naibu wake, Isaac Mutuma, akaapishwa tarehe 17.

Yalikuwa mashtaka mazito: uajiri wa jamaa, uteuzi usiofuata sheria, matumizi ya fedha za umma. Mtu mzima mwenye kadi ya kura alistahili kuyajua moja moja, na nyaraka zilikuwepo. Vikao vya Seneti vilionyeshwa moja kwa moja, shahidi baada ya shahidi, saa kwa saa. Lakini ni wangapi waliotazama saa zote hizo? Wengi walitazama vipande.

Chukua wauza ndizi wawili wa soko la Gakoromone, meza zao zikigusana. Mmoja alibaki sekunde chache zaidi kwenye video ya gavana akilia kwamba anaonewa kwa kuwa ni mwanamke aliyekataa kugawana fedha na wawakilishi. Mwingine aliachilia kidole kwenye video ya mwakilishi akitaja majina ya jamaa walioajiriwa. Hakuna aliyechagua kambi. Kidole tu kilikawia. Simu ya kwanza ikaleta video nyingine ya aina hiyo, kisha tano, kisha mtu anayejiita wakili kwenye Facebook akieleza kwa nini wawakilishi ni wezi. Simu ya pili ikaleta video tano za upande wa pili. Baada ya mwezi kila mmoja alikuwa na ushahidi mwingi kuliko mwenzake angeweza kuujibu, na ushahidi wote wa mmoja haukuwahi kupita machoni pa mwingine. Wakianza kubishana asubuhi wakipanga ndizi, kila mmoja alishangaa jirani yake ameanza lini kuwa mwongo.

Mahali pa kupeleka ugomvi bado palikuwepo. Njuri Ncheke walijaribu kupatanisha. Rigathi Gachagua, wakati huo Naibu Rais, aliwaita viongozi wa Meru Nairobi mwaka 2023. Mapatano hayakudumu, na sababu moja, naona mimi, ni kwamba wanasiasa wenyewe walikuwa wamefungwa na watazamaji wao. Aliyelegeza maneno barazani alirudi nyumbani akakuta wafuasi wamekwishamwita msaliti kwenye matangazo ya moja kwa moja, na aliyekuwa mkali zaidi ndiye aliyeongeza watazamaji. Mzee wa Nchiru angeweza kumtoza faini mtu mbele yake. Hangeweza kuitoza faini hesabu ya kompyuta iliyoko California.

Katikati ya vita hivyo mtu alikufa. Daniel Muthiani, aliyejulikana mtandaoni kama Sniper, alikuwa akiikosoa serikali ya kaunti kwenye Facebook kwa maneno makali. Alitoweka tarehe 2 Desemba 2023, na mwezi huo huo mwili wake ulipatikana katika mto Mutonga, Tharaka Nithi. Washukiwa walishtakiwa, na nani ana hatia ni la mahakama kuamua. Ninachokitaja mimi ni yale yaliyotangulia mahakama. Mama yake alikuwa hajamzika wakati hukumu zilipokwisha kutolewa mtandaoni, hukumu zisizofanana, kila moja ikiwa na maelfu ya watu walioapa kwamba ndiyo ukweli wenyewe. Kifo cha kijana kikawa mafuta ya injini ile ile, na maombolezo, ambayo Meru ni jambo la kukutanisha hata maadui, yakawa uwanja mwingine wa kutafutia watazamaji.

Mwaka 2023 huo huo, uchunguzi wa taasisi ya Reuters wa Oxford katika nchi 46 uliikuta Kenya ikiongoza duniani kwa TikTok: asilimia 54 ya waliohojiwa waliitumia. TikTok ilikwenda mbali kuliko Facebook, kwa sababu haikuhitaji hata ndugu na marafiki. Ukurasa wa kwanza ulitoka kwa mashine, na mashine ilikufahamu kwa namna ulivyotulia au ulivyoharakisha. Mwaka mmoja kabla yake, mtafiti Mkenya Odanga Madung wa wakfu wa Mozilla alikuwa amekusanya zaidi ya video 130 za uchochezi wa kisiasa kutoka akaunti 33 tu za TikTok nchini, zilizotazamwa zaidi ya mara milioni nne. Kabla ya hapo alionyesha jinsi vijana walivyolipwa dola 10 hadi 15 kwa siku kusukuma ajenda kwenye Twitter. Kwa hiyo mwenye fedha alianzisha moto kwa mchana mmoja, na algoriti ikaubeba bila kulipwa tena.

Kisha ikaja wiki ya muguka, na wiki hiyo naiona kuwa somo kubwa kuliko yote, maana ilihusu mkate wa watu.

Muguka na miraa ni mmea mmoja. Miraa ya Meru, ya Maua na Laare na Kangeta, hutafunwa ganda la kijiti. Muguka wa Embu, hasa wa Mbeere, ni majani machanga. Mbeere ni kavu, mahindi huungua yakiwa yanabeba, na muguka hustahimili. Huchumwa mapema, hupakiwa mifukoni ukiwa bado na unyevu, na magari hutimua mbio hadi Mombasa kwa sababu jani likinyauka halina mnunuzi. Karo za shule za Kiritiri na Siakago hulipwa na jani hilo. Huko linakofikia, kijana asiye na kazi hulinunua kwa sarafu chache, hulitafuna na njugu na peremende usiku kucha, na asubuhi hana usingizi wala nguvu ya kutafuta kibarua. Yote mawili ni kweli.

Mwishoni mwa Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir wa Mombasa alipiga marufuku kuingiza na kuuza muguka. Kilifi ikafuata, kisha Taita Taveta. Tarehe 27 Mei Rais William Ruto alikutana na viongozi wa Embu na kutangaza kwamba amri hizo ni batili, kwa kuwa sheria ya kitaifa ya mazao na kanuni za miraa za 2023 zinautambua mmea huo. Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku siku hizo hizo. Kina mama wa Pwani walitoka kuunga mkono amri ya gavana wao. Wakulima na wachuuzi wa Embu walitoka kuipinga.

Mama wa Kisauni aliyemwona mwanawe akipotea na mkulima wa Mbeere aliyeona gari limerudi na mzigo ukiwa umekauka walikuwa na mengi ya kuulizana. Muuzaji anamuuzia mtoto wa miaka kumi na mitatu kwa idhini ya nani? Kwa nini bei ni ya chini kiasi hicho? Mkulima akiacha muguka atapanda nini, na nani atamnunulia? Maswali hayo yalikuwa na majibu ya kutafutwa kwa pamoja. Kilichovuma kwenye simu za Embu kilikuwa vipande vya Wapwani wakitukana, vikiandikwa juu yake kwamba Pwani ni wavivu wanaotafuta wa kumlaumu. Kilichovuma kwenye simu za Pwani kilikuwa vipande vya watu wa bara wakicheka, vikiandikwa kwamba watu wa bara wanaua kizazi cha Waislamu kwa makusudi. Video ya mama anayelia kwa utulivu haikusafiri hadi Mbeere. Haikumkasirisha mtu yeyote kule, hivyo kwa hesabu ya mashine haikuwa na thamani huko. Mei ikaisha, magari yakarudi barabarani, na kina mama wale wamebaki na watoto wale wale.

Mwezi uliofuata simu zile zile zilifanya kinyume chake, na haki inanidai nilieleze hilo. Muswada wa Fedha wa 2024 ulifafanuliwa kwenye TikTok na X, iliyokuwa Twitter, na vijana waliousoma kifungu kwa kifungu, na vijana wa Embu na Meru waliingia barabarani pamoja na wa Kisumu, Nyeri na Mombasa bila kuulizana kabila. Tarehe 25 Juni ofisi ya UDA mjini Embu ilichomwa moto. Mtu anaweza kulaani moto na bado akaona kwamba kwa wiki kadhaa nchi ilikuwa ikisoma waraka mmoja. Nadhani siri ilikuwa hapo, kwenye waraka. Muswada ulikuwa na kurasa na nambari za vifungu, na aliyedanganya juu ya kifungu alifunguliwa kifungu.

Waraka ulipoondolewa tulirudi kwenye nyufa. Oktoba 2024 Bunge la Taifa lilipiga kura 281 za kumwondoa Gachagua. Tarehe 17, siku aliyotarajiwa kujitetea mbele ya Seneti, alilazwa katika hospitali ya Karen akilalamika maumivu ya kifua, na usiku huo Seneti ikamwondoa bila yeye kuwepo. Kesho yake Kithure Kindiki wa Tharaka Nithi akapendekezwa kushika nafasi yake. Hospitali ile ile, mgonjwa yule yule: Nyeri na Murang'a waliona mtu anayenyimwa haki akiwa kitandani, na wengi wa Chuka na Meru waliona hila ya kuahirisha. "Mlima Mashariki" na "Mlima Magharibi" yalikuwa maneno ya wachambuzi. Ndani ya wiki moja yakawa matusi. Ndoa za Kirinyaga na Embu ni nyingi kuliko mtu anavyoweza kuzihesabu, na vikundi vya WhatsApp vya ukoo, vilivyoundwa kwa ajili ya kuchangia harusi, vilianza kuhamwa na mashemeji. Mwanasiasa alikosa cheo na mwingine akakipata. Mkulima wa kahawa wa Runyenjes hakuongezewa hata senti kwa kilo, lakini shemeji yake hampigii simu tena.

Desemba hiyo, kijana wa miaka 24 alichukuliwa na watu wasiojulikana akiwa kinyozini mjini Embu. Ilisemekana alisambaza picha ya Rais akiwa ndani ya jeneza, picha iliyotengenezwa na kompyuta. Wakazi wa Embu waliandamana hadi akaachiliwa tarehe 6 Januari 2025, siku moja na wengine kadhaa waliotekwa kwa namna hiyo. Picha hiyo ilikuwa mbaya, na mimi nisingeisambaza. Lakini tazama ulinganifu. Mashine inayofanya picha za namna hiyo zisambae haijawahi kuitwa kituo cha polisi, na kijana aliyebonyeza kitufe alipotezwa siku kumi na sita bila mama yake kujua yuko hai.

Inasemwa na watu makini kwamba algoriti inasingiziwa. Mwaka 2023 watafiti walichapisha majaribio waliyoyafanya na Meta, kampuni mama ya Facebook, wakati wa uchaguzi wa Marekani wa 2020: waliwabadilishia watu mpangilio wa kurasa kwa miezi mitatu, na misimamo yao ya kisiasa haikubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Naheshimu matokeo hayo. Miezi mitatu, hata hivyo, ni muda mfupi kwa mtu aliyekwisha kufinyangwa kwa miaka, na swali langu halihusu sana msimamo. Wauza ndizi wa Gakoromone wanaweza kubaki na misimamo tofauti hadi kufa kwao bila madhara. Walichopoteza ni orodha moja ya mambo yaliyotokea.

Mahali pa kubisha hodi panatafutwa sasa, na si mbali na Embu. Desemba 2022 Waethiopia wawili pamoja na Taasisi ya Katiba waliishtaki Meta katika Mahakama Kuu ya Nairobi. Mmoja wao, Abrham Meareg, ni mwana wa profesa aliyeuawa Bahir Dar Novemba 2021 baada ya machapisho ya Facebook kumtaja na kumchafua. Mwana alikuwa amewaandikia Facebook akiomba yaondolewe. Wanaitaka mahakama iilazimishe kampuni kubadilisha algoriti yake na kuanzisha mfuko wa fidia. Meta ilisema mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Aprili 2025 jaji akaamua kwamba inayo.

Tarehe 27 Novemba 2025 Mbeere Kaskazini ilipiga kura ya kujaza kiti cha ubunge cha Geoffrey Ruku, aliyeteuliwa waziri. Kijimbo hicho cha ukame kiligeuzwa uwanja wa Mlima mzima: Kindiki akimpigia debe Leo wa Muthende wa UDA, Gachagua na mwanasiasa Justin Muturi wakiwa nyuma ya Newton Karish wa chama cha Democratic. Kwa wiki kadhaa kila upande ulikuwa umekwishashinda kwenye simu zake. Jioni kura zilihesabiwa madarasani mbele ya mawakala, na Fomu 35A, ambazo sheria inataka zibandikwe mlangoni pa kituo, zikawa hapo zimeandikwa kwa kalamu kwa yeyote aliyetaka kuzisoma. Muthende alipata 15,802, Karish 15,308. Usiku huo kwenye simu kulikuwa na washindi wawili bado. Mlangoni pa darasa kulikuwa na hesabu moja, na watu wa Siakago na Ishiara waliokwenda kuisoma, wa UDA na wa Democratic, waliisoma wakiwa wamesimama bega kwa bega.